Maswali ya nyumba: povu jeupe na kuta zinazovuja

Barua nyingi za safari hii zinahusu polistirini, lile povu jeupe lililobandikwa kuta na dari miaka mingi iliyopita kukinga joto na baridi. Sasa linabomolewa, au limejificha nyuma ya plasta inayopasuka. Nimejibu sita.

Shikamoo fundi. Tumetoa polistirini kwenye dari ya zamani, rundo linafika kiunoni. Jirani ananiambia nilimwagie mafuta ya taa nilitie kiberiti, limekwisha. Je, nifanye hivyo?

Marahaba. Usiwashe hata kipande kimoja. Polistirini ikiungua uani hutoa moshi mweusi wenye masizi, monoksidi ya kaboni na stirini, kemikali ambayo mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Matone yake hudondoka yakiwa yanawaka, na yakigusa ngozi hung'ang'ania.

Tena polistirini ya ujenzi ina ubaya wake wa ziada. Kwa miongo mingi ilichanganywa na dawa ya kupunguza kuwaka iitwayo HBCD, yenye bromini. Dawa hiyo haivunjikivunjiki kirahisi ardhini wala majini, na hujikusanya katika miili ya samaki na ya wanaowala. Ndiyo sababu mwaka 2013 iliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm. Ikiungua kwenye moto mdogo inaweza kuzalisha dioksini zenye bromini, sumu kali zinazodumu muda mrefu, na hizo zitatua juu ya paa lako na la huyo jirani.

Kwa hiyo polistirini yoyote kuukuu iliyotoka ukutani ihesabu kuwa ina HBCD, mpaka karatasi za kiwandani zioneshe vinginevyo. Usiichanganye na ile ya kufungashia televisheni, maana itaharibu mzigo mzima unaokwenda kuchakatwa upya. Waulize wanaosimamia taka eneo lako kama wana tanuri la joto kali lenye mitambo ya kusafisha moshi. Huko ndiko inakotakiwa kwenda. Ikate kwa kisu kikali, si kwa msumeno, siku isiyo na upepo, juu ya turubai. Nyunyiza maji kidogo ili chembe zisiruke na kunata kila mahali. Mabamba yapange bapa na uyafunge kamba, kwa kuwa karibu asilimia 98 ya kitu hiki ni hewa, na gari litajaa upesi kabla mzigo haujawa na uzito wowote. Na usijaribu kuiyeyusha kwa petroli ili ipungue. Utabaki na uji unaonata, unaolipuka kwa cheche moja, na hakuna atakayekubali kuupokea.

Mabamba yangu ni mazima na safi. Naweza kuyatumia kwenye banda la kuku?

Hapana. Kuku hudonoa polistirini kwa bidii ya ajabu, na kinachoingia kwa kuku kinaweza kufika kwenye yai. Kama ni mapya na una hakika hayana HBCD, yatumie chini ya sakafu ya zege, ambako hayataonekana tena na jua wala mdomo wa ndege.

Fundi, nilipotoa bamba nilikuta waya wa umeme umenata kwenye polistirini, na bamba limeyeyuka kufuata umbo la waya. Je, waya ulipata moto?

Huenda haukupata moto kabisa. Ganda la waya, lililo la plastiki ya PVC, lina mafuta ya kulilainisha, na polistirini huyafyonza pole pole. Miaka ikipita, povu hunywea na kuacha mfereji wenye upana wa waya ule ule, unaonata ukiugusa kwa kidole, na ganda la waya hukakamaa. Hatari inakuja hapo unapoukunja waya ili kuusogeza: ganda linaweza kupasuka na shaba ikabaki wazi. Zima umeme kwenye swichi kuu, usiukunje, muite fundi umeme aupime. Waya mpya upite ndani ya bomba, na unene wake ukadiriwe upya, maana waya uliozungukwa na kihami joto, yaani povu kama hili, haupoi kama ulio wazi.

Kuta zetu za nje ni polistirini iliyofungwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa plasta nyembamba. Chini ya dirisha kuna ufa, ukigonga panalia kama ngoma, na chumbani kuna harufu ya ukungu. Mwanangu anasema tupake rangi isiyopitisha maji.

Mama, naomba hiyo rangi isinunuliwe kwanza. Maji yameshaingia, na ukiuziba uso unayafungia ndani pamoja na mbao.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba yenye ufa kama huo, mwembamba kama uzi, ukianzia kona ya chini ya dirisha. Ulikuwa umepakwa rangi mara tatu. Nilikata plasta kiasi cha kiganja. Polistirini ilitoka nyeupe, nzima, kama imetoka dukani. Nyuma yake nguzo ya mbao ilikuwa ya kahawia na laini, na bisibisi ilizama hadi mpini kwa kusukuma na kidole gumba tu. Polistirini haiozi, na hapo ndipo inapotudanganya, kwa sababu inabaki imependeza huku kinachobeba nyumba kimekwisha.

Huko New Zealand maelfu ya nyumba zilizojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mapema miaka ya 2000 zilioza hivi hivi. Plasta ilibandikwa bila nafasi ya hewa nyuma yake, mapaa hayakuwa na upenu, na mbao nyingi hazikutiwa dawa. Kuta zote huingiza maji kidogo. Zile hazikuwa na njia ya kuyatoa.

Anzeni kwa kutafuta mlango wa maji: juu na chini ya kila dirisha, paa linapokutana na ukuta, boliti za vyuma vya roshani zilizotoboa plasta, na udongo uliorundikwa hadi kugusa plasta. Fundi mwenye kipima unyevu chenye sindano atawaambia mbao zimelowa kiasi gani. Zikiwa zimelowa, sehemu hiyo ifunguliwe, mbao zikauke, zilizooza zibadilishwe. Ukuta mpya uachiwe nafasi ya milimita 20 hivi nyuma yake, wazi kwa chini na wenye wavu wa kuzuia wadudu. Ni gharama, najua. Ila kila msimu wa mvua unaopita unaiongeza.

Plasta yetu haina ufa, ila upande usiopata jua umeota ukijani.

Usiku plasta hiyo nyembamba hupoa haraka kwa sababu joto la ndani haliifikii, umande ukatua, mwani ukaota. Osha kwa brashi laini na maji yasiyo na nguvu. Mashine ya presha itawatobolea plasta.

Nataka kufunga mabamba ya alumini juu ya ukuta wa polistirini bila kuubomoa. Muuzaji anasema hayaungui.

Muulize katikati ya bamba kuna nini. Jengo la Grenfell Tower, London, lilipoungua tarehe 14 Juni 2017 na watu 72 wakafa, mabamba yake yalikuwa ya alumini kwa nje, lakini ndani yalikuwa na polietilini, plastiki inayowaka. Nafasi iliyo nyuma ya mabamba huvuta moto kwenda juu kama dohani, kwa hiyo vizuizi vya moto kila ghorofa na kuzunguka madirisha ni lazima. Omba cheti kinachoonesha ukuta mzima ulivyojaribiwa pamoja: bamba, nafasi na kihami joto chake. Cheti cha bamba peke yake hakitakusaidia. Na kama chini ya polistirini kuna shiti za zamani za saruji zenye nyuzi, usizitoboe hata tundu moja kabla hazijapimwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu.