Kabla Hujamwandikisha Mtoto Jina, Kaa na Bibi Yake

Mapacha wetu hawakutusumbua. Hapa Tabora anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto, wawe wa kiume au wa kike. Kazi ilikuja kwa mdogo wao. Mimi nilishaamua: Mirambo, kama mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884. Tangu utotoni jina hilo lilikuwa masikioni mwangu kama ngoma ya ushujaa.

Mama yangu akanyamaza, kisha akaniuliza, "Baba Kulwa, maana yake unaijua?"

Sikuijua. Mtemi yule alizaliwa akiitwa Mtyela. Mirambo ni jina la vita, na linataja maiti. "Halafu huyu jina lake lipo," mama akaongeza. "Anayezaliwa nyuma ya mapacha ni Shija."

Ndipo nikaanza kukaa naye jioni nikiuliza jina moja baada ya jingine, na nawasihi wazazi wenzangu mfanye hivyo wazee wangali hai. Kwetu Unyamwezini jina mara nyingi linaeleza mtoto alivyokuja. Mabula ni wa mvua, mbula. Kashindye alitanguliza miguu. Mke wangu ni Muha wa Kasulu, na kwao nimejifunza kusikiliza neno Imana, yaani Mungu, ndani ya majina: Habonimana, Mungu ndiye aonaye, Bigirimana, Mungu ndiye atendaye. Sentensi nzima ya imani imefichwa ndani ya jina la mtoto!

Majina ya dini nayo yana maana zake, usiyachukue kwa sauti tu. Saidi ni mwenye heri. Yohana ni Mungu amefadhili. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi, kwa hiyo ukikutana na Shabani mzee unaweza kukisia alizaliwa mwezi gani wa Kiislamu.

Sasa jina la mwisho. Wengi wetu jina la tatu si la ukoo, ni la babu, kwa hiyo linabadilika kila kizazi. Babu yangu ni Mabula. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa ameandikwa Mabula, kwenye cheti cha shule Mabura. Herufi moja tu, lakini nilipotaka kitambulisho cha taifa nilizungushwa wiki kadhaa, nikaishia kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao wawili ni mimi mmoja. Kinyamwezi kinatamka l, mwandishi akaandika r. Hata mtemi hakuponea: kambi ya jeshi hapa mjini ni Mirambo, shule ya sekondari ni Milambo.

Kwa hiyo usimwachie karani aandike anavyosikia. Andika majina yote matatu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, umkabidhi. Fomu ikirudi isome herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani. Na usajili uufanye ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe; ukichelewa, utadaiwa ushahidi zaidi.

Mirambo sikumwandika popote. Kwenye cheti ni Shija, halafu jina langu, halafu Mabula, kwa l. Nyuma ya kadi yake ya kliniki nimeandika kwa kalamu maana ya kila jina, na kwamba aliyenieleza ni bibi yake.