Mbona Video Yetu ya Roki Imepoa?

SWALI: Shikamoo mzee wa kamera. Bendi yetu ilirekodi video kwenye godauni huko Industrial Area. Tulipiga kwa nguvu zote, lakini kwenye skrini tunaonekana kama kwaya. Tena kuna mistari inayotambaa kwenye picha. Tumekosea wapi?
– Mpiga besi, Umoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeitazama mara tatu, ya tatu bila sauti, na hapo ndipo ubaya ukajitokeza. Mistari ni jambo dogo: umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) 1/50 ya sekunde badala ya 1/60, ili kila picha ishike mipepeso miwili kamili.

Kosa kubwa ni taa. Zote mmezipanga mbele, kama mnapigwa picha za pasipoti! Hamisheni moja nyuma ya mpiga ngoma, mtie moshi kidogo, muone jasho na kingo za matoazi zinavyowaka.

Kuhusu uhariri, wimbo wenu una mapigo 120 kwa dakika, nanyi mmekata picha kila sekunde mbili, bila kukosa, kama saa ya ukutani. (Nimehariri harusi miaka mingi, ugonjwa huo naujua.) Kata picha pale mkono unaposhuka kwenye nyuzi. Solo ya gitaa iacheni ipumue, hata sekunde nane.

Na mkitaka mwimbaji aelee, wekeni wimbo kwa kasi maradufu, mwimbaji aufuate, mrekodi picha 50 kwa sekunde, kisha mzionyeshe kwa 25. Midomo itaenda sawa na wimbo, nywele zitaruka polepole. Siku hiyo lakini mtacheka sana.