Barua kwa mwanangu: Nilipanda lori mwenyewe

Furaha mwanangu,

Umeniuliza kama mwaka 1996 nilitekwa ama nilijipeleka jeshini, maana huko chuoni Lubumbashi mwalimu amewaambia kadogo, yaani askari watoto, wote walichukuliwa kwa nguvu. Mimi nilipanda lori mwenyewe.

Askari wa Mobutu, rais wa Zaire wakati huo, walikuwa hawalipwi, basi wakajilipa majumbani mwetu: redio, magodoro, mbuzi. Bukavu ilipoanguka mwishoni mwa Oktoba, shule zilikuwa zimefungwa, nami nina miaka kumi na tano. Vijana wa AFDL, waasi wa Kabila, walipita mtaani kwetu Kadutu wakisema twende tukamwondoe Mobutu. Tate yako, mzazi wangu, alipofika mbio, lori lilikuwa limekwisha kujaa.

Kupigana kulikuwa kidogo. Kutembea ndiko kulikotumaliza. Bunyakiri, Hombo, Walikale, Lubutu, hadi Kisangani tulikoingia tarehe 15 Machi 1997. Nilivaa buti za mpira zilizonizidi ukubwa. Maji yakiingia humo hayatoki, na jioni ukiivua, ngozi ya kisigino inabaki ndani. Begani sanduku la risasi, tena si zangu, za mkubwa wangu. Tulikula muhogo na sombe, majani yake, ya akina mama wa vijijini, ambao hawakuwa na namna ya kutukatalia. Askari wa Mobutu waliokuwa wakikimbia mbele yetu walikuwa wamekwisha kula kuku wao. Nyinyi mnaosoma vitabu mnawajua majenerali. Wale mama sijaona anayewataja.

Habari za wakimbizi wa Rwanda waliokuwa kambi ya Tingi-Tingi nitakueleza ukija likizo. Hizo siziandiki kwenye simu.

Kinshasa, tarehe 17 Mei, watu walijaa barabarani wakitushangilia. Lingala nilijua ya kuombea maji tu. Mwaka uliofuata, Agosti, vita ikarudi, na mtu wa mashariki mwenye Kiswahili chake akaanza kutazamwa vibaya mitaani, hata akiwa na sare ya serikali. Hapo ndipo nilipoomba kurudi nyumbani. Mkubwa alicheka. Na hata angeniruhusu ningepita wapi? Bukavu ilishikwa na waasi wa RCD, adui wa upande wangu, na tate yako yuko huko hajui kama niko hai.

Mwambie mwalimu hivi: kuingia niliingia kwa hiari, kama hiari ya mtoto wa miaka kumi na tano inahesabiwa. Kubaki ndiko kulikokuwa kwa nguvu.

Bunduki niliirudisha mwaka 2005. Karatasi yake ninayo bado. Akitaka kuiona nitakutumia picha. Na ile pesa ya chumba nitaituma Ijumaa.

Papa yako