Ripoti za CCDF kwa makabila ya Marekani: nini kinapelekwa lini, na namba zinakwama wapi

Mkuu, swali lako zuri ila baadhi ya majibu hapo juu yatakupoteza. Umesema umeajiriwa kushika takwimu na hesabu kwenye ofisi ya malezi ya watoto ya kabila moja la Wenyeji wa Marekani inayopokea fedha za CCDF (mfuko wa serikali kuu wa kusaidia familia kulipia malezi ya watoto), bosi kakuambia "ripoti za serikali kuu ni za Desemba" na kaishia hapo. Wadau wamekutumia maelekezo ya fomu za ACF-800 na ACF-801. Achana nayo, hizo ni za majimbo. Jimbo linapeleka taarifa za familia moja moja. Kabila linapeleka jumla tu, mara moja kwa mwaka, kwenye fomu ya ACF-700, na matumizi ya fedha yanakwenda kwenye ACF-696T. Ukizimudu hizo mbili, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Ila kabla hujafungua fomu yoyote, uliza kama fedha zenu za CCDF zimeingizwa kwenye mpango wa 477. Sheria namba 102-477 ya mwaka 1992, iliyorekebishwa 2017, inaruhusu kabila kuunganisha fedha za ajira, mafunzo na huduma zinazoendana nazo ziwe mpango mmoja, bajeti moja na ripoti moja inayopitia kwa idara ya shirikisho inayosimamia masuala ya Wenyeji, BIA. Kabila likiwa huko, halijazi ACF-700 wala ACF-696T, linajaza fomu za 477. Majibu yangu yanayofuata ni kwa kabila lililo nje ya 477.

Kalenda ni hii. Mwaka wa fedha wa serikali kuu unaanza Oktoba 1 na kuisha Septemba 30. ACF-700 inatakiwa iwe imefika ifikapo Desemba 31, na ACF-696T ndani ya siku 90 baada ya mwaka kuisha, kwa hiyo zote mbili zinakukuta mwishoni mwa Desemba, wakati nusu ya ofisi iko likizo na anayetakiwa kusaini hapatikani. Panga sahihi mapema. Julai 1 kuna tamko la idadi ya watoto, nitalirudia. Na kila baada ya miaka 3 kuna mpango wa jinsi mtakavyoendesha huduma, ACF-118A. Uliopo sasa ni wa miaka ya fedha 2026 hadi 2028. Mkibadilisha jambo kubwa katikati, kwa mfano viwango vya kuwalipa walezi au mchango wa mzazi, marekebisho ya mpango yanapelekwa ndani ya siku 60 tangu badiliko lianze kutumika. Hilo husahaulika kuliko yote, kwa sababu anayebadilisha viwango si yule anayeandika mpango.

Tuje kwenye ACF-700, maana ndipo watu wanapolala ofisini. Fomu inataka familia na watoto waliohudumiwa, kila mmoja akihesabiwa mara moja tu, kisha watoto hao hao wagawanywe kwa umri, kwa sababu ya malezi (mzazi yuko kazini, yuko masomoni au mafunzoni, au mtoto yuko kwenye huduma za kumlinda dhidi ya madhara), kwa njia ya malipo (vocha, yaani cheti anachopewa mzazi, au mkataba kati ya ofisi na mlezi), kwa kipato cha familia na kwa aina ya mlezi. Juu ya hapo kuna wastani wa saa na wastani wa fedha.

Kosa la kwanza linazaliwa kwenye Excel. Ofisi nyingi huandika mstari mmoja kwa kila malipo. Mtoto aliyelipiwa miezi 12 ana mistari 12, na akibadilisha mlezi katikati ya mwezi anakuwa na 13. Ukihesabu mistari umeongeza watoto hewa. Ukihesabu majina bado hujapona, kwa sababu huyo huyo ameandikwa mara ana jina la kati, mara hana, mara kwa ukoo wa mama. Mpe kila mtoto namba yake siku ya kwanza anapoandikishwa, na kila kaya namba yake, na namba hizo zisibadilike hata akitoka akarudi mwakani. Familia hesabu kwa namba ya kaya, watoto kwa namba ya mtoto. Kama mnatumia ile programu ya bure ya makabila, Child Care Data Tracker, kazi hiyo inafanyika ndani yake, mradi karani hamwandikishi mtoto upya kila cheti chake kinapohuishwa.

Shida nyingine ni mtoto aliyebadilika. Chukua mfano: Oktoba analelewa na shangazi yake, Machi anahamia kituo cha kulelea watoto mchana, Juni kituo kinaanza kulipwa kwa mkataba badala ya vocha. Kwenye jumla ni mtoto mmoja. Kwenye jedwali la umri pia ni mmoja, ingawa alitimiza miaka 4 Januari. Soma maelekezo ya kila kipengele yanataka aingizwe wapi, andika kanuni hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lako, na uifuate hivyo hivyo kila mwaka. Mwaka huu ukimweka alikoanzia na mwakani alikomalizia, takwimu zitaonyesha watoto wamekimbia kwa ndugu kwenda vituoni, kumbe hakuna aliyehama ila wewe.

Wastani nao una mtego wake. Mtoto A alilelewa miezi 12, saa 160 kwa mwezi. Mtoto B miezi 2, saa 60 kwa mwezi. Wengi wanachukua 160 na 60, wanagawa kwa 2, wanapata 110. Si sawa. Jumla ya saa ni 1,920 na 120, yaani 2,040. Miezi ya huduma ni 14. Wastani kwa mwezi ni karibu saa 146. Njia ni hiyo hiyo kwa fedha: jumla ya malipo gawa kwa jumla ya miezi ya mtoto. Na angalia kipimo, kipengele kinataka wiki, mwezi au saa? Ukiona wastani wa saa 38 kwenye kisanduku cha mwezi kwa watoto wa kutwa, ujue mtu kaandika saa za wiki.

Kuhusu kipato kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu. Kanuni zinaruhusu kabila ambalo kipato chake cha kati (nusu ya familia ziko juu yake, nusu chini) kiko chini ya asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo kumhesabu kila mtoto Mwenyeji aliye kwenye eneo lake la huduma kuwa anastahili, bila kujali kipato, kazi wala masomo ya wazazi, ilimradi wenye uhitaji mkubwa watangulie. Mkichagua njia hiyo, karani anafuta maswali ya kipato kwenye fomu ya maombi, anaona hayana kazi tena. Desemba ikifika, visanduku vya kipato na sababu ya malezi viko pale pale na huna cha kujaza. Endeleeni kuuliza, hata kama jibu halimnyimi mtu huduma.

Hesabu waliolipiwa na fedha zenu za CCDF tu. Mtoto wa kabila anaweza kustahili kwenye mpango wa jimbo pia. Akilipiwa na jimbo mwaka mzima, huyo ni wa jimbo.

Kabla ya kutuma, fanya ukaguzi huu wa dakika kumi: jumla ya jedwali la umri ilingane na jumla ya watoto, la sababu ya malezi vivyo hivyo, la njia ya malipo vivyo hivyo, familia zisizidi watoto, na jumla ya malipo iliyotengeneza wastani wako isogeleane na kile mhasibu alichoandika kama huduma za moja kwa moja (malipo ya malezi yenyewe) kwenye ACF-696T. Tofauti ndogo ina maelezo (malipo ya Septemba yanayotoka Oktoba). Tofauti kubwa ina maana faili moja halina watu fulani.

Sehemu ya pili ya ACF-700 ni maelezo. Wengi wanabandika ya mwaka jana. Andika vitu vinavyohesabika: walezi wangapi walipata mafunzo, ya nini, vifaa gani vilinunuliwa, na hakikisha vinafanana na fedha za ubora (za kuboresha malezi) zilizoripotiwa.

Sasa ACF-696T. Jambo la kujua kwanza: kila mgao wa mwaka una ripoti yake, na namba zake ni za tangu mgao ulipoanza. Desemba moja unaweza kuwa na ripoti za migao mitatu mezani. Kabila lina mwaka wa mgao na mwaka unaofuata kuziingiza fedha kwenye ahadi ya malipo, kisha mwaka mmoja zaidi kumalizia kulipa. Tuseme mgao wa mwaka wa fedha 2024 ulikuwa dola 400,000. Mwaka wa kwanza mlitumia 150,000, wa pili 200,000. Ripoti ya Desemba 2025 inaandika matumizi 350,000. Anayeandika 200,000 ameripoti mwaka, hajaripoti mgao, na mfumo utaonyesha mmerudisha matumizi nyuma. Zile 50,000 zilizobaki, kama mkataba wake ulisainiwa kabla ya Septemba 30, 2025, zinaingia kama ahadi ambazo hazijalipwa, na mwisho wa kuzilipa ni Septemba 30, 2026. Kama hakuna mkataba wala hati yoyote ya kuzifunga, hiyo ni bakaa isiyo na ahadi na inarudi serikali kuu. "Tulikuwa tumepanga kununua" si ahadi ya malipo.

Mhasibu mkuu wa kabila huenda anafunga hesabu kwa mwaka mwingine, Januari hadi Desemba kwa mfano. Leja yake haiwezi kunakiliwa kwenye fomu. Omba taarifa ya miamala kuanzia Oktoba 1 hadi Septemba 30, mgao kwa mgao, na kila mgao uwe na namba yake kwenye leja. Fedha za migao miwili zikichanganywa kwenye namba moja, hakuna ujanja Desemba, ni kufungua hati za malipo moja moja.

Kisha vikomo. Utawala usizidi asilimia 15 ya fedha zilizotumika, kile kiasi cha msingi ambacho kila kabila hupewa kikiwa kimetolewa kwanza. Tazama neno "zilizotumika". Bajeti ikipigwa juu ya 400,000 (tuseme kiasi cha msingi kimeshatolewa) utawala unaonekana una nafasi ya 60,000. Mkiishia kutumia 300,000, kikomo ni 45,000, na zile 15,000 zinageuka hoja ya ukaguzi. Habari njema ni kwamba si kila mshahara wa ofisini ni utawala: kupima kama familia inastahili, kukagua na kusimamia walezi, mafunzo, na mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za watoto havihesabiwi huko. Ila mfanyakazi anayegawanya muda wake lazima awe na karatasi za muda zinazoonyesha hivyo. Mgawanyo wa kukisia ndio mkaguzi anaupenda. Fedha za ubora ziwe angalau asilimia 9 ya zilizotumika, na kwa makabila yenye mgao wa dola 250,000 na kuendelea kuna asilimia 3 nyingine kwa watoto wachanga na wadogo. Ujenzi na ukarabati mkubwa unahitaji kibali kwanza na unaripotiwa kando. Usiufiche kwenye ubora.

Tamko la Julai 1 nalo. Hiyo ni idadi ya watoto Wenyeji walio chini ya miaka 13 wanaoishi kwenye hifadhi (ardhi iliyotengwa kwa ajili ya kabila) au eneo la huduma, si wale mnaowahudumia. Mgao wa mwaka unaofuata unakokotolewa kutokana nayo, na kabila linatakiwa liwe na angalau watoto 50, au lijiunge na mengine. Lisainiwe na mwenye mamlaka. Mahali kama Oklahoma, ambako maeneo ya makabila yanapakana na kuingiliana, zungumzeni na jirani mtoto mmoja asitajwe mara mbili. Hifadhi karatasi za hesabu, si barua ya tamko pekee.

Mambo madogo yanayozuia fedha: usajili wa SAM (mfumo wa serikali kuu wa kusajili wanaopokea fedha zake) unahuishwa kila mwaka, ukipitiliza fedha zinakwama. Kabila likitumia fedha za shirikisho dola 1,000,000 au zaidi kwa mwaka ulioanza Oktoba 1, 2024 au baadaye, linahitaji ukaguzi wa pamoja, yaani ukaguzi mmoja wa fedha zote za shirikisho (zamani kikomo kilikuwa 750,000), na ripoti yake isichelewe zaidi ya miezi 9 baada ya mwaka wa kabila kuisha. Kumbukumbu zitunzwe miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha ya mgao husika, na ukaguzi ukiwa bado wazi, usichome kitu.

Kwa kuwa umeanza katikati ya mwaka, wiki hii fanya mawili: toa orodha ya watoto tangu Oktoba 1 uone namba ngapi zinajirudia, na mwombe mhasibu bakaa ya kila mgao ulio wazi na tarehe yake ya mwisho. Ukirudi humu tuambie ukubwa wa mgao wenu na kama mko 477, maana baadhi ya masharti hayayahusu makabila yenye mgao chini ya 250,000.