Nani anaosha gari la wote?

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza: "Je, watu wasio ndugu wanaweza kumiliki kitu kimoja bila kukiharibu wala kugombana?" Jibu langu ni ndiyo, ila kuna sharti, na sharti hilo ndilo lililonifanya nikae niandike. Nina miaka sita katika chama cha magari ya pamoja kisichotafuta faida, na kwa minne kati ya hiyo nimekuwa mlezi wa gari mojawapo.

Kwa asiyeujua utaratibu wenyewe: chama kina magari kadhaa, kila moja lina maegesho yake mtaani. Anayejiunga hukaguliwa leseni na rekodi ya udereva, hulipa ada, na siku akihitaji gari hujiwekea nafasi kwa simu, iwe ya saa mbili au ya siku nzima. Hulifungua kwa kadi anayoigusisha kwenye kioo cha mbele, na ufunguo anaukuta ndani. Analipia saa alizokaa nalo na kilomita alizoendesha. Bima, mafuta na matengenezo vimo humo humo kwenye bei. Akimaliza hulirudisha pale pale alipolikuta, tanki likiwa na mafuta yasiyopungua robo, na kadi ya kujazia mafuta imo ndani ya gari kwa kazi hiyo. Ukitazama kwa mbali utasema ni kompyuta ndiyo inayoendesha mambo yote.

Nami nilidhani hivyo, mpaka usiku mmoja nilipokuwa ofisini nasaidia kupanga makaratasi na simu ya dharura ikalia. Aliyekuwa zamu alikuwa mama mmoja, karani mstaafu, aliyejitolea kuipokea simu hiyo tangu chama kinaanza. Upande wa pili nilisikia mwanamke analia na mtoto analia.

"Dada, vuta pumzi kwanza," mama akamwambia. "Uko wapi?"

Yuko nje ya hospitali. Mtoto ameshatibiwa, wameruhusiwa, mvua inanyesha, gari halifunguki.

"Kadi unaigusisha upande gani?"

"Wa abiria."

"Zunguka uje upande wa dereva. Chini ya kioo, kuna kibandiko cheupe, umekiona? Iache hapo, hesabu mpaka tano."

Kimya. Kisha nikasikia vifungo vya milango vikiruka vyote kwa pamoja, tak. Mama hakukata simu. Alimsubiri amfunge mtoto kwenye kiti chake, akamuuliza kama waipa zinafanya kazi, akamwambia ampigie akifika. Akafika, akapiga. Ndipo mama alipofungua daftari lake, akaandika saa, namba ya gari, na maneno haya: "kibandiko hakionekani usiku." Kesho yake asubuhi aliagiza vibandiko vinavyong'aa gizani, vikabandikwa kwenye magari yote.

Siku hiyo nilielewa kwamba ile kompyuta tunayoisifu ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Kadi ilikuwa nzima, kisomaji kilikuwa kizima, na bado mama na mwanawe walikuwa wamesimama mvuani.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1948 mjini Zürich, Uswisi, watu ambao kila mmoja peke yake hakumudu kununua gari waliunda ushirika ulioitwa Sefage wakawa wanatumia magari kwa pamoja. Amsterdam, Uholanzi, ilijaribu mwaka 1974 kwa ushirika wa Witkar, vigari vya umeme vya magurudumu matatu alivyovibuni Luud Schimmelpennink. Huo ulikoma mwaka 1986. Mwaka 1987 Waswisi wakarudi tena, kikundi kimoja Stans na kingine Zürich, na vikundi hivyo viwili viliungana mwaka 1997 kuwa Mobility, ushirika ambao leo una magari karibu kila pembe ya nchi yao. Mwaka huo huo wa 1997, huko Vancouver, Kanada, ulianza ushirika ambao sasa unaitwa Modo. Ulianza na wanachama 16 na magari mawili.

Hesabu hiyo ya 16 kwa mawili huwa naifikiria sana. Watu 16 wanaenea sebuleni. Mmoja akiacha tanki tupu, wote watajua ni nani, na aibu yenyewe inatosha kuwa kanuni. Kazi ngumu inaanza pale wanapofika 100, kisha 300, na anayekutangulia kwenye usukani ni mtu ambaye hujawahi kumwona sura. Hapo undugu wa sebuleni umekwisha. Ama mtu apewe kazi ya kulitazama gari, ama gari life.

Sisi kazi hiyo tunaiita ulezi. Kila baada ya siku 14 naenda kwenye gari langu (nasema "langu" ingawa ni la wote, na kila mlezi ninayemjua husema hivyo hivyo) nikiwa na ndoo, kitambaa, kipimo cha upepo wa matairi na tochi. Napima matairi manne na la akiba, kwa sababu la akiba ndilo linalosahaulika, na mtu hugundua halina upepo akiwa kando ya barabara na jaki mkononi. Naangalia oili, maji ya waipa, taa zote. Nainua vitambaa vya sakafuni: mchanga, visenti, vifutio vya watoto, siku moja kiatu kimoja cha mtoto mchanga, kidogo kama kidole gumba. Nilikipiga picha tukaituma kwa waliotumia gari juma lile, na kabla ya jioni mama yake alikuwa amekuja. Nanusa pia. Harufu ya sigara huwezi kuipima kwa kompyuta yoyote, na ikishaingia kwenye viti hudumu miezi.

Mwisho nafungua daftari la safari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali msemo huo unapokaa vizuri kuliko kwenye kisanduku cha mbele cha gari la pamoja. Kila dereva, kabla ya kuwasha injini, anatakiwa kulizunguka gari na kuandika alichokiona.

Na hapo ndipo tulipogombana, kwa sababu swali lenu linataja ugomvi na sitaki kuuruka. Mwaka wangu wa pili wa ulezi nilikuta bampa ya nyuma imekwaruzwa, mkwaruzo mrefu kama mkono, rangi imetoka hadi plastiki. Kwenye daftari hakuna kitu. Juma lile gari lilikuwa limetumiwa na watu wanne. Tukawapigia wote, wote wakakana. Kamati ikataka kuwagawia gharama sawasawa. Mmoja wao, mzee mstaarabu ambaye hajawahi kuchelewesha gari hata dakika tano, alisimama kikaoni akasema, "Wanangu, nitalipa, lakini mkinilipisha kosa nisilolitenda sitarudi hapa tena." Nakiri nami nilikuwa upande wa kuwagawia. Nilikosea, na namshukuru mzee yule kwa kulisema lile neno mbele yetu sote.

Tulichofanya baada ya mabishano ya saa tatu ni kugeuza kanuni. Anayejitaja mwenyewe siku ile ile hulipa sehemu ndogo tu, iliyobaki hutoka kwenye mfuko wa chama. Anayeficha akagundulika hulipa yote na hukaa nje miezi mitatu. Miezi iliyofuata daftari lilijaa. Watu waliandika vijikwaruzo ambavyo mimi mwenyewe na tochi yangu sikuwa nimeviona. Magari hayakuwa yameanza kugongwa zaidi. Watu walikuwa wanagonga tangu zamani, tukiwafundisha kunyamaza kwa kanuni yetu wenyewe.

Bampa ile hatukuipaka rangi. Pesa haikutosha, na baadaye ilipotosha hakuna aliyependekeza.

Watu wengine wa nyuma ya pazia nitawapitia haraka, si kwa kuwa kazi yao ni ndogo. Yupo anayeamua gari liwekwe wapi, na huyo halali vizuri, maana gari lisilotumika hula pesa ya magari mengine. Yupo anayewafundisha wanachama wapya. Yupo fundi wa gereji anayetupa nafasi ya asubuhi na mapema kwa sababu anajua saa nne kuna mtu analisubiri gari.

Lakini mweka hazina lazima nikae naye kidogo, kwa sababu ya bima. Nje ya vyama hivi watu hudhani adui wetu ni wizi au uzembe. Adui ni karatasi ya bima. Huko jimbo la New York, Marekani, chama cha Buffalo kilichoanza mwaka 2009 na kuwahudumia sana wakazi wa kipato cha chini kilisimamisha huduma mwaka 2015 baada ya kukosa bima. Magari yalikuwa mazima, wanachama wapo. Miaka minane baadaye, mwaka 2023, chama cha Ithaca katika jimbo hilo hilo, kilichofanya kazi tangu 2008, kilikumbwa na lile lile: aliyekuwa akiwakatia bima alijitoa, na sheria ya jimbo haikuruhusu aina ya bima ambayo vyama kama hicho hutumia katika majimbo mengine. Magari yakaegeshwa. Safari hii watu wa chama na wanachama wao waliwaendea wabunge wa jimbo, na hawakuchoka mpaka sheria ikabadilishwa, magari yakarudi barabarani. Ninapoisoma habari hiyo huwa nawafikiria watu wa Ithaca miezi ile ambayo hapakuwa na gari hata moja la kuendesha, nao bado wanaendelea kuandika barua na kuhudhuria vikao kwa ajili ya huduma ambayo haipo. Huo ndio umiliki. Mteja wa kampuni ya kukodisha magari angekwenda kampuni nyingine.

Vipo vyama vilivyouzwa. Cha Philadelphia na cha Chicago, vyote viwili vilivyoanza mwaka 2002 bila lengo la faida, viliishia mikononi mwa kampuni ya kukodisha magari iitwayo Enterprise, kimoja mwaka 2011, kingine mwaka 2013. Siwalaumu waliouza, mtu hujua uzito wa mzigo akiubeba. Ila kampuni ikinunua, inanunua pia haki ya kuamua gari likae mtaa gani. Sisi tuna gari moja ambalo halijajilipa tangu liletwe. Limekaa mtaa wenye wazee wengi na basi linalopita mara chache, na kila mwaka mweka hazina hutuonyesha hasara yake bila kuficha, na kila mwaka tunanyoosha mikono libaki. Mwaka jana mikono miwili tu ilipinga.

Hata pale ambapo dereva na abiria ni watu wawili tofauti, mambo ni hayo hayo. Huko Huron, mji mdogo wa wafanyakazi wa mashamba katika bonde la San Joaquin, California, kulikuwa na desturi ya miaka mingi ya watu walioitwa raitero, wenye gari waliowapeleka majirani shambani au hospitali. Aliyekuwa meya wa mji huo wakati ule, Rey León, na wenzake waliichukua desturi hiyo ilivyo, wakaitafutia magari ya umeme, wakaianzisha rasmi mwaka 2018 kama huduma ya kijamii iitwayo Green Raiteros. Walichokuwa nacho kabla ya gari lolote ni watu ambao tayari walikuwa wanajua nani ana miadi ya daktari Alhamisi.

Narudi kwa mama wa simu. Mwaka huu alituaga. Miaka minane ya usiku, na mgongo haumruhusu tena kukaa kwenye kile kiti. Kwenye mkutano mkuu mwenyekiti aliuliza nani atachukua nafasi yake, na kwa muda mrefu hapakuwa na mkono. Kisha tukaanza kuihesabu kazi yenyewe kwa sauti: usiku ngapi kwa juma, simu ngapi kwa usiku, daftari, vibandiko, kumpigia fundi. Hatukuweza kumpata mtu mmoja wa kuibeba yote. Tulipatikana watatu. Alitukalisha chini jioni mbili mfululizo akatufundisha, na jambo la kwanza alilotuambia ni tusimuulize mtu namba ya uanachama kabla ya kumuuliza kama yuko salama.

Mimi nina usiku wa Jumatano na Jumamosi. Daftari lake liko mezani kwangu. Kurasa zilizobaki ni kumi na moja, nimeshanunua jingine.