Barua kwa Mwanangu: Baba Yako Mdogo Hajifanyi

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na huku Kibosho hatujambo isipokuwa baridi ya Julai. Nakwenda moja kwa moja kwenye swali lako. Umeandika kwamba ulipokuja kumwona baba yako mdogo ulimpa kitana ukamwomba achane nywele, naye akakigeuzageuza, akakipeleka kinywani kama mswaki, kisha akakiweka chini kwa hasira. Lakini jioni ile ile, shangazi yako alipoaga, aliinua mkono ule ule wa kushoto akampungia bila kuambiwa na mtu. Unauliza: ikiwa mkono unaweza kupunga, kwa nini haukuweza kuchana? Shangazi yako amekwisha kutoa hukumu kwamba anajifanya ili ahudumiwe, na kaka yako anasema amerukwa na akili.

Hajifanyi, wala hajarukwa na akili. Nimeuguza watu wa kiharusi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakuhakikishia kwamba huko kuweza hapa na kushindwa pale ndiko dalili yenyewe. Mtu anayeigiza ugonjwa angejihadhari asipunge mkono mbele yetu sote.

Kiharusi chake kilitokana na mshipa wa damu ulioziba katika nusu ya kushoto ya ubongo. Nusu hiyo ndiyo inayoendesha upande wa kulia wa mwili, ndiyo maana mkono wa kulia umelegea na mguu anauburuta. Hilo kila mtu analiona na kulikubali. Lisiloonekana ni kwamba kati ya ngozi inayoguswa na mtu kujua ameshika nini, na kati ya nia ya kufanya jambo na mkono kulifanya, kuna kazi nyingi za ubongo, na kila moja inaweza kuharibika peke yake huku nyingine zikibaki salama.

Chukua hisia. Habari za mguso hupanda kwa uti wa mgongo, huvuka upande wa pili, kisha hufika kwenye ukanda ulio juu ya ubongo, karibu na katikati ya kichwa. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Montreal, Kanada, aliugusa ukanda huo kwa umeme mdogo kwa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, na mwaka 1937 akachapisha ramani yake: midomo na vidole vimepewa eneo kubwa sana, mgongo mzima umepewa eneo dogo. Nyuma ya ukanda huo kuna sehemu zinazounganisha habari hizo na maana. Zikiumia, mgonjwa aliyefumba macho akiwekewa sarafu mkononi atakwambia kwamba anahisi kitu kigumu, cha baridi, cha mviringo, na bado asijue kuwa ni sarafu mpaka afumbue macho. Mguso upo, utambuzi haupo.

Macho nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1890 Heinrich Lissauer wa Ujerumani aliwagawa wagonjwa wa namna hii katika makundi mawili: wasioweza kuliunda umbo la kitu kinachoonekana, na wanaoliona umbo vizuri lakini wasiweze kuliunganisha na wanachokijua. Mwaka uliofuata Sigmund Freud alilipa tatizo la kushindwa kutambua vitu jina la agnosia, nalo ndilo linalotumika hadi leo. Kisa kinachonishangaza kuliko vyote ni cha mwanamke ambaye maandishi ya kitabibu humwita D.F. tu. Ubongo wake uliumizwa na hewa ya monoksidi ya kaboni. (Ndiyo hewa ile ile ya jiko la mkaa linaloachwa kwenye chumba kilichofungwa, waambie wadogo zako wakati huu wa baridi.) Alipoonyeshwa tundu jembamba na kuulizwa limelala au limesimama, hakuweza kusema. Alipopewa kadi na kuambiwa aitumbukize, mkono wake uliigeuza sawasawa na tundu na kuipitisha. Mwaka 1992 watafiti Melvyn Goodale na David Milner walitumia habari zake kueleza kwamba ubongo una njia moja ya kuona kwa ajili ya kutambua na nyingine ya kuona kwa ajili ya kutenda. Hebu fikiria shangazi yako angesema nini juu ya mwanamke huyo.

Sasa nirudi kwa shemeji yangu, kwa maana shida yake kubwa iko kwenye kutenda. Kitana anakitambua: ukimwekea vitu vitatu mezani ukamtajia kitana, anakigusa bila kusita. Kilichoharibika ni mpango wa tendo, na madaktari huiita hali hiyo apraksia. Ni kama fundi mwenye cherehani nzima, uzi na kitambaa, lakini daftari la vipimo vya wateja limepotea.

Aliyeieleza vizuri kwanza ni Hugo Liepmann, daktari wa Berlin, mwaka 1900. Mgonjwa wake alikuwa mtumishi wa serikali ambaye waliomtangulia kumchunguza walimwona amepotewa na akili, kwa kuwa kila alichoagizwa alikifanya ovyo. Liepmann aligundua kwamba makosa yalikuwa ya mkono wa kulia. Akauzuia mkono huo, akamtaka mgonjwa atumie wa kushoto, na yule mtu aliyedhaniwa haelewi chochote akafanya alichoagizwa. Naomba umsomee kaka yako aya hii polepole.

Najua utaniuliza: mkono wa kushoto wa baba mdogo haukupooza, mbona nao unakosea? Liepmann alilijibu hilo mwaka 1905, alipochunguza watu waliopooza upande wa kulia akakuta kwamba wengi walikosea hata kwa mkono wa kushoto uliokuwa mzima. Kwa watu wengi, nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayotunza mipango ya matendo ya mikono yote miwili. Kupunga mkono mgeni anapoondoka kunaamshwa na mgeni mwenyewe, mlango na desturi ya maisha yote, hivyo tendo hujitokea. Kupunga au kuchana kwa kuagizwa kunadai ubongo uanze kuupanga mwendo wenyewe, na hapo ndipo pameumia. Mimi nilimwomba anionyeshe jinsi ya kukata kitambaa bila mkasi. Akafungua na kufunga vidole viwili kana kwamba vidole vyenyewe ndivyo mkasi. Nilipompa mkasi halisi na kitambaa, alijikanganya kidogo, kisha akakata, ingawa kwa kupinda. Yeye mwenyewe, fundi aliyeshona suti za harusi pale mjini, aliutazama mkato ule akatikisa kichwa. Ajuaye kwamba mkato wake umepinda hakurukwa na akili.

Ulitaja pia mama wa jirani aliyekuwa akila nusu ya sahani na kulalamika kwamba amepunjwa. Huo ni ugonjwa tofauti. Hutokea zaidi nusu ya kulia ya ubongo inapoumia, na upande wa kushoto wa dunia huwa kana kwamba umefutwa, ingawa macho yanaona. Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, watafiti wa Italia, walionyesha mwaka 1978 kwamba ufutaji huo huingia hata kwenye mawazo. Waliwaomba wagonjwa wa Milan wajione wamesimama kwenye uwanja wa kanisa kuu la mji wao. Wakataja majengo ya kulia tu. Walipoambiwa wajione upande wa pili wa uwanja, wakataja yale waliyoyaacha. Baba yako mdogo hana shida hiyo, anakula sahani yote.

Kwa hiyo msimjaribu tena mbele ya wageni. Msimwambie "chana nywele". Msimamisheni mbele ya kioo asubuhi baada ya kunawa, mwekeeni kitana mkononi, mwongozeni mwendo wa kwanza kisha mwachieni. Nguo avae kwa utaratibu ule ule kila siku. Visu na maji ya moto viwe mbali naye. Na dawa za shinikizo la damu asizikose hata siku moja.

Umeuliza mwishoni kama atarudi kwenye cherehani. Nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo, kisha huendelea kidogo kidogo kwa mazoezi, na zoezi la tendo moja mara nyingi haliponyi tendo lingine. Mashati ya wateja sidhani. Pindo na mishono iliyonyooka, huenda, na mtaalamu wa fiziotherapia amekubali tumjaribu kwa vitambaa chakavu kuanzia mwezi ujao, kwenye cherehani yake mwenyewe. Ukija Desemba mletee suruali za mpira kiunoni, maana vifungo bado vinamshinda.

Mama yako