Kwa nini si kila gome la mwaloni linafaa kwa vizibo

Mkuu, umeuliza kwa nini China na Uturuki wana mialoni yenye gome laini la kizibo, lakini vizibo vya mvinyo bado vinatoka Ureno na Hispania. Nilipokuwa nasoma Ureno nilikata magome ya aina zote tatu, ya Ureno, Uturuki na China, na kuyatazama kwa hadubini. Jibu limo humo ndani.

Seli zenyewe zinafanana sana: zimekufa, tupu, kuta zina suberini, kitu kama nta kinachozuia maji. Ukikata sambamba na uso wa shina unaona sega la nyuki. Ukikata kuelekea kitovu cha mti, seli zimejipanga safu kwa safu. Ndizo alizoziona mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665.

Tofauti iko kwenye kilichochanganyika nazo. Quercus suber, mwaloni wa Ureno, hujenga tabaka moja lisilokatika, mwaka juu ya mwaka, na wembe unapita bila kukwaruza. Dosari yake ni mifereji ya hewa, ya rangi ya kahawia, inayotoka ndani ya gome kwenda nje. Ndiyo maana vizibo hutobolewa kwa kufuata urefu wa shina, ili mifereji hiyo ikatize kizibo kwa upana na isiwe njia ya mvinyo kuvuja.

Quercus cerris, mwaloni wa Uturuki, ni habari nyingine kabisa. Gome lake ni matabaka membamba ya kizibo yaliyobanwa katikati ya floemu (tishu inayosafirisha chakula cha mti) iliyokufa. Wembe unakwama kwenye vipunje vigumu kama mchanga, hizo ni seli zilizojaa lignini, kitu kinachoupa mti ugumu. Kipande namna hiyo hakiwezi kubonyea sawasawa shingoni mwa chupa.

Quercus variabilis, wa China, Korea na Japani, yuko karibu zaidi na suber. Gome ni nene na huvunwa, ila seli ni ndogo, kuta zimejikunja, na vipunje vigumu vimo pia. Kwa hiyo husagwa na kugandamizwa kuwa mbao za sakafu na za kuzuia joto, kazi ambayo kwa maoni yangu inamfaa kabisa. Milimani Korea gome lake liliezekea nyumba.

Na hata suber usimchukulie kirahisi. Gome la kwanza, mti ukiwa na miaka kama 25, limepasuka-pasuka na halitoi kizibo. Unasubiri miaka 9, unabandua la pili, nalo bado. La tatu ndilo linaloingia kiwandani kutengeneza vizibo.